Siku Karakana ya Lotiir Ilipopimwa Kelele

Aliyetuharibia chai Jumatatu ile ni Erupe, ambaye tunamwita Gazeti kwa sababu husoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia mandazi. Alitusomea kutoka kwenye simu kwamba nyumba mia mbili za bei nafuu zitajengwa hapa Lodwar, kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana ya Lotiir, na kwamba karakana yenyewe itachunguzwa kwa ajili ya kelele.

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa karakana hiyo. Benchi ni la chuma, Lotiir alilichomelea mwenyewe, na chai anauza Akiru. Habari hiyo, basi, ilikuwa yetu.

"Kelele inasumbua nani?" akauliza mzee Lomorukai. Huyu ndiye Spika. Aligombea kiti cha wadi mara mbili, akaanguka mara mbili, lakini sauti ya kampeni haijamtoka.

"Wapangaji," Gazeti akasema.

"Wapangaji gani na hakuna nyumba?"

"Wale watakuja."

"Kwa hivyo mtu hajapewa ufunguo, na usingizi yake imeshaharibika?"

Mutua alikuwa anatazama glasi yake. Ni Mkamba wa Machakos anayeuza simiti hapa mwaka wa kumi na mbili sasa, nasi hatuna jina lingine la kumwita ila Simiti. Akasema polepole kwamba maendeleo hayawezi kumngoja mtu mmoja. Hapo Wal akamgeukia. Wal ni mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huja kwa Lotiir kuchukua milango ya maduka, na kwa kuwa husema kwa niaba ya mataifa manne kwa mpigo, tunamwita Balozi.

"Simiti ndugu yangu, hiyo nyumba itakuwa na mlango, ama watu wataingia kwa dirisha?"

"Itakuwa na mlango."

"Na mlango hapa Lodwar anatengeneza nani?"

Simiti akanywa chai. Ndivyo anavyokubali kushindwa.

Lotiir mwenyewe akatoka ndani, miwani ya kuchomelea juu ya paji, barua mkononi. Ilisema Alhamisi atakuja mtaalamu na mashine ya kupima kelele. Ikizidi kiwango, karakana ihamie eneo jipya la viwanda, njia ya Kalokol. Tunalijua eneo hilo. Lina kibao kizuri, lina mbuzi, na halina hata nguzo moja ya umeme.

"Huko nitachomelea na nini, na jua?" akasema. "Miaka kumi na tisa niko hapa. Nilikuja hii uwanja ikiwa ya fisi, na fisi hawakuwahi kuniandikia barua."

Tulicheka, lakini yeye alirudia kuisoma barua. Nilimwonea huruma. Niliogopa pia, maana akihama yeye, benchi linaenda naye.

Simiti akamshauri asiwashe chochote siku hiyo. Lotiir akakataa, akasema yeye si mwizi wa kujificha, na milango ya Balozi inangoja. Spika akaapa kwamba tutakuwepo wote kumtetea, kwa kuwa mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, stima ikapotea mji mzima. Siku nyingine tungelaani. Siku hiyo tulipeana mikono. Mtaalamu akafika, bwana mpole wa shati lililopigwa pasi, akasimamisha kimashine chake kwa miguu mitatu kati ya karakana na benchi. Akasema atapima nusu saa, nasi tuendelee tu kama kila siku.

Dakika kumi tulikaa kimya kama watu waliofiwa. Kisha Gazeti akanong'ona kwamba namba ziko chini kabisa. Simiti akanong'ona kwamba ushindi wa stima kupotea si ushindi. Balozi akamwambia afunge mdomo, bila kunong'ona. Simiti akajibu kwamba hafungwi mdomo na mgeni, Balozi akauliza mtu wa Machakos ana wenyeji gani Lodwar, na hapo Spika akainuka na fimbo yake kutupatanisha. Jambo zito kama hili, akasema, haliwezi kuachwa bila baraka.

Baraka ya kwetu hainong'onwi. Mzee hutupa neno, na watu hulirudisha kwa pamoja, kwa kifua.

"Kelele iende," akanguruma.

"Iende."

"Iende na upepo, ivuke ziwa."

"Ivuke."

"Utulivu ukae kwa Lotiir."

"Ukae."

Wanaboda waliokuwa wakipita wakazima pikipiki zao wakaja kuitikia. Akiru akaacha sufuria, akaitikia kutushinda wote. Lotiir alisimama mlangoni akishusha mikono yote miwili, akiishusha tena na tena. Tukadhani anatuongoza. Tukaongeza sauti.

Nusu saa ilipokwisha, mtaalamu akasoma, akaandika, akakunja miguu ya mashine. Kelele ilikuwa imepita kiwango, na kwa mbali.

"Lakini stima hakuna," Spika akasema. "Umeona na macho yako, karakana imelala."

"Mzee, hii mashine haiulizi nani anapiga kelele. Inaandika kiwanja." Akafunua karatasi. "Kiwanja ni cha Lotiir."

Akatuaga kwa adabu, akapanda gari. Lotiir akavuta miwani ikamfunika macho, ingawa hapakuwa na moto wowote wa kukingwa.

"Mashine zangu zilinyamaza," akasema. "Nyinyi swichi yenu iko wapi?"

Balozi akatazama milango yake iliyobaki nusu. Spika akaweka fimbo chini taratibu, isigonge. Tulinyamaza wote, kimya cha kupimwa kabisa, lakini gari la mtaalamu lilikuwa limeshavuka daraja la Turkwel.