Ombi la Kumwandikisha Mama Mkwe Kuwa Paka

Kiomboi,
9 Agosti, 1954

Kwako Memsabu wetu mheshimiwa, uliyeko likizoni Ulaya,

Pokea salamu zilizotoka jikoni kwako zikiwa bado za moto. Mimi Isaka, mpishi wako, ni mzima, na Meja, paka wako, ni mzima kuliko mimi. Nina malalamiko machache na ombi moja. Nimeyapanga kwa namba, kama unavyopenda.

1. Uliniachia Meja na ugonjwa wake wa sukari: sindano asubuhi na jioni, nyama ya kupimwa kwenye mzani, na maziwa ya kopo asiyaonje. Sikatai. Lakini hukusema mkojo wake utakingwa na nani. Memsabu, mimi ni baba wa watoto watano. Kila asubuhi namnyatia paka kwa nyuma nikiwa na kifuniko cha kopo, naye akiniona anaahirisha.

2. Mkojo huo nauchemsha na ile dawa ya buluu. Ukibaki buluu, hakuna sukari. Ukiwa mwekundu, tumekwisha. Mzee Simeoni wa kanisani alinikuta nimeinamia mkojo wa paka, namwomba Mungu rangi isibadilike. Sasa nimezuiwa kushiriki meza ya Bwana mpaka wazee waamue kama mimi ni mpishi au mchawi. Tafadhali waandikie. Waambie pia kwamba kazi naiweza: wiki sita mfululizo rangi ni buluu tupu.

3. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Ilimfikia mama mkwe wangu huko Misigiri, ambaye jina lake siwezi kulitaja hata kwa kalamu. Alikuwa amekonda, anamaliza mtungi wa maji kwa siku, na pale anapojisaidia sisimizi wanakuja kama wamealikwa harusi. Bwana Amri, dresa wa dispensari, mtu muungwana, alimpima akasema ni sukari: aache asali na togwa, na dawa ya sindano haipo, labda Dodoma. Basi wiki tatu zilizopita akaja kwangu na kirago chake, maana amesikia mkwewe anatibu sukari.

Nilihuzunika, Memsabu, nasema kweli. Yule mama alinipa binti yake nikiwa sina hata ng'ombe mmoja. Siku aliyofika aliegemea ukuta wa jiko kwa kukosa nguvu, na Raheli mke wangu akalia. Tangu hapo tunamwombea, na maombi yanasaidia, kwa kuwa ameanza kunenepa. Lakini maombi si sindano.

4. Taabu ni ukwe. Meja namkamata ngozi ya shingo, nadunga, tumeachana. Mama mkwe hatukutani hata njiani; akitokea huku, mimi najitupa kwenye mtama. Ngozi nitaikamata wapi?

5. Kwa hiyo namwomba Bwana Shauri, mume wako, kwa kuwa ndiye afisa wa serikali hapa wilayani, atoe cheti chenye mhuri kwamba mama huyu tangu sasa ni paka wa serikali. Paka hana ukwe, nitamdunga bila haya. Dawa ya paka inatoka Ulaya, haisubiri Dodoma. Nyama atapimiwa. Na sifa zote anazo: analala mchana, hapendi kuguswa, na mimi hanisalimu. Jina liwe Meja wa Pili. Kinachopungua ni mkia tu, na wa Meja mwenyewe ulikatwa na mlango.

Msalimu Bwana Shauri, watoto, mama yako mzazi (shikamoo yake), na majirani zenu wote nisiowajua. Wa huku wote wanakusalimu, isipokuwa Meja, ambaye hakusema kitu.

Ni mimi mtumishi wako, mtiifu kwa watu na wanyama,
Isaka

Nyongeza: Raheli ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Akacheka mpaka akaketi chini, halafu akaacha kucheka. Kumbe tangu siku ya pili ni yeye anayemdunga mama yake, kwa dawa ya Meja, kwa kipimo alichoonyeshwa na Bwana Amri. Binti hana ukwe na mama yake. Hilo mimi sikuliwaza. Mimi aliniwekea chupa ya maji yaliyochemshwa. Wiki tatu nimemdunga Meja maji, naye amebaki buluu kwa kula panya wa ghalani. Mama jana alikwenda kisimani peke yake, akarudi na ndoo kichwani. Basi yote ya juu yafute, asiandikwe paka. Ukitaka kunifukuza kazi, Memsabu, nifukuze, ila tuma dawa kwanza. Iliyobaki ni ya wiki mbili, na barua ya ndege inakula wiki moja.