Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Ngome Mbili na Malkia

Mheshimiwa Mkuu wa Kijiji cha Svartavík, Mheshimiwa Mchungaji, Mheshimiwa Meneja wa kiwanda cha samaki, Mheshimiwa Mama Mkwe wangu uliyejitolea kutukaangia maandazi, wanachama hai, wanachama wasinziaji, na wadau wote wa sataranji katika ghuba hii: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wawili.)

Mimi, Ketill Hallsson, mwenyekiti wenu kwa vipindi sita mfululizo, vinne kati ya hivyo bila mpinzani, nasimama kutoa taarifa rasmi ya pambano letu la Jumamosi dhidi ya Breiðanes, ambalo, kama mnavyofahamu, lilifika tatu kwa tatu, ukabaki ubao wangu peke yake kuamua kama tutasalia daraja la kwanza. (Sauti: "Tunafahamu sana!")

Ndugu wajumbe, katika kutekeleza Mpango Mkakati wa Mashambulizi ya Pamoja, awamu ya kwanza niliipeleka ngome moja kwenye mstari wa katikati. Awamu ya pili, nikaipanga ngome nyingine nyuma yake. Awamu ya tatu, nikamsimamisha malkia nyuma ya zote mbili, na hivyo kufikia unyoofu wa asilimia mia moja, kiwango ambacho hakijawahi kurekodiwa na mwenyekiti yeyote kabla yangu! (Makofi.) Picha hizo hapo, pitishianeni.

(Ásdís, mkewe, akiishika picha: "Ketill, mbele ya hizo ngome kuna nini?")

Swali zuri, mke wangu. Mbele yake kuna askari.

("Wa nani?")

Wa kwetu. (Vicheko.)

("Sasa si amewazibia njia wenzake?")

Neno "kuziba" si la kitaalamu. Askari yule alikuwa katika mchakato wa kuhamishwa, na upembuzi yakinifu wa uhamisho wake ulinichukua dakika arobaini.

(Mzee Úlfar, mvuvi: "Ungemsukuma tu, bwana! Hata mimi ningemsukuma!")

Mzee wangu Úlfar, ni rahisi kusema ukiwa kwenye kiti hicho. Kete zangu zilikuwa zimenyooka vizuri mno. Kila nilipounyanyua mkono kumgusa yule askari, niliona nitavuruga kila kitu, nikaurudisha mfukoni. Basi, niseme ukweli: niliogopa. (Mtu anakohoa.)

Hata hivyo, daraja la pili ni fursa! Huko tutakuwa wakubwa! Unyoofu! (Sauti chache: "Juu!") Maandalizi! (Watu wanavaa makoti.)

Kwa namna ya pekee, namshukuru mpinzani wangu, Bi Steinvör, karani mstaafu wa posta ya Breiðanes, aliyeketi akifuma soksi na kunisubiri saa nne nzima nianze mashambulizi hayo, hadi alipochoka kusubiri, akaanza ya kwake. Asanteni kwa kunisikiliza.