Kura za Mahindi Mtaani Kwetu

Jumatatu, 2 Oktoba
Moshi tena. Jalala la nyuma ya nyumba yetu linafuka tangu alfajiri. Bibi amekohoa mpaka uji wake ukapoa. Lakini tumaini lipo! Jumamosi ni mkutano wa mtaa. Wananchi watachagua wazo moja la mazingira lipelekwe kata, likaombewe nafasi kwenye mpango mkakati wa halmashauri. Langu liko tayari: tutenganishe taka, za jikoni ziende kwenye shimo la mboji, na kuchoma kupigwe marufuku.

Jioni nimesikia kuwa Precious, wa nyumba ya pili, naye ana wazo. Kupanda miti kando ya mtaro. Kwa nini sasa? Tunakaa dawati moja mwaka mzima na hajawahi kutaja mti.

Jumanne, 3 Oktoba
Precious amenisalimia mara mbili. Kuna jambo.

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimegundua hatari. Nilimwamkia Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Masele, nikamuuliza watu watapigaje kura. Akasema ni kama siku zote: kila wazo linachorwa chini kwa majivu, ili hata asiyejua kusoma ashiriki, na kila mtu anaweka kokoto moja kwenye mchoro anaoutaka.

Kokoto! Uwanja wa ofisi ya mtaa umejaa kokoto. Mtu anainama kufunga kamba ya kiatu, anainuka na kura za ukoo mzima. Na Precious ana viatu vipya vya kamba.

Nikashauri tutumie mahindi, kila mtu apewe punje moja anapoingia. Mzee Masele akakuna kidevu. Akasema kokoto zimetumika miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwambia wizi uliofanywa vizuri haulalamikiwi. Mwishowe akakubali, mradi mahindi yatoke kwetu.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimeandaa ndoo ya mfano. Maganda ya ndizi, makoko ya ugali, vichwa vya sato. Bibi ameuliza nani atakuja mkutanoni kutazama uchafu. Nimemweleza kwamba watu huamini wanachokiona. Precious amepita, akachungulia, akauliza kama nahitaji msaada. Nimefunika ndoo.

Jumamosi, 7 Oktoba
Sijui nianzie wapi. Bi Modesta, afisa maendeleo ya jamii wa kata, alifungua mkutano vizuri. Nilieleza wazo langu bila kusahau kitu. Ndoo niliiacha wazi kando ya mchoro wa shimo. Watu walipiga makofi! Punje zilimiminika mpaka mama mmoja akasema shimo limeshajaa.

Kisha Bi Modesta akaomba tusogee barazani, tusikilize taarifa ya vyoo kabla ya kuhesabu. Taarifa ilikuwa ndefu. Tuliporudi, kuku wa kina Precious walikuwa wamemaliza ndoo na kuhamia kwenye kura zangu. Mchoro wa miti, kule pembeni, hawakuugusa.

Nikataka kura zirudiwe. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mzee Masele akaniuliza kwa upole mahindi yalikuwa wazo la nani. Miti ikashinda.

Nikafikiria kifua cha Bibi. Machozi yalikuwa karibu.

Hapo Precious akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, sasa hiyo miti yangu itakula nini?"

Watu wakacheka. Akasema kando ya mtaro ni mawe matupu, bila mboji mche hautashika. Akaomba shimo la Ng'washi, yaani mimi, liingizwe ndani ya wazo la miti. Na kuchoma taka kukome kuanzia sasa, kata isisubiriwe, maana moto utababua miche. Mzee Masele akauliza nani anapinga.

Nilitaka kunyoosha mkono. Bibi akaushika.

Jumapili, 8 Oktoba
Baada ya kanisa nimemweleza Bibi kuwa wale kuku walifundishwa.

"Kuku hana mgombea, mjukuu wangu."

Nikamuuliza, mbona hawakula kura za miti? Akasema kule hakukuwa na ndoo. Sikuridhika. Bibi ana huruma mno na majirani.

Jumamosi, 14 Oktoba
Shimo limechimbwa. Mzee Masele amemwaga maji kwenye jalala kwa mkono wake mwenyewe, na wiki yote hakuna aliyewasha kiberiti. Asubuhi Bibi amekunywa uji ukiwa wa moto, kikombe chote, akaomba kingine. Nilisimama mlangoni namsikiliza anavyopumua.

Precious ameleta gunia la mbolea ya kuku kwa ajili ya shimo letu. Bure. Nimelipokea, nikalipekua mpaka chini. Hakuna kitu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Wiki ijayo wazo letu linashindanishwa na mawazo ya mitaa mingine, kwenye ofisi ya kata. Nimesikia huko nako wanatumia kokoto! Nimekwenda haraka kwa Bi Modesta. Nimemshauri kura zipigwe kwa dagaa, mmoja kwa kila mjumbe, na dagaa watoke kwetu. Amesema atafikiria.

Safari hii sibahatishi. Nimekwenda mwenyewe kukagua ile ofisi, nje na ndani. Hakuna kuku hata mmoja.

Wana paka tu.