Fidia ya Mkono wa Kulia

Jumanne, 2 Julai 1968
Saa tatu asubuhi mashine namba nne ya kuchambulia pamba imemkata Makoye vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeshika daftari langu la stoo. Hakuna mwingine aliyeona. Hakupiga kelele! Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa mwenzake. Akaomba mashine izimwe. Kisha akasema mkewe, Limi, aambiwe taratibu, asije akakimbia na mimba yake. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi kati ya mashine hizi, na leo ndipo nimemwona mtu aliye mkubwa kuliko mashine.

Mimi nilirudi nyuma nikaanguka. Niliangukia pamba.

Nyapara Cornel amenitaka niandike katika daftari la ajali kwamba Makoye alifanya uzembe. Nimeandika nilichokiona: kifuniko cha chuma kinachokinga mikono hakikuwepo. Akasema macho yangu yamezeeka. Kijana huyu hajui hata mahali pa kuweka nukta.

Jumatano, 3 Julai
Bwana Ngassa, Afisa Kazi, amekuja na kitabu cha sheria ya fidia. Ameniruhusu kukisoma nikiwa nimesimama. Nilikisoma hadi miguu ikafa ganzi. Ajabu kubwa! Kila kiungo cha mfanyakazi kimepangiwa fungu lake. Kidole gumba kina mstari wake. Kidole cha mguu kina mstari wake. Serikali iliketi ikanihesabu mwili mzima kabla sijaumia! Hata mama yangu mzazi hakunihesabu hivyo.

Mkono mzima wa kulia una fungu nene mno. Nimelitazama mara tatu.

Nastaafu Desemba. Nyumba yangu Ushirombo bado ni ya nyasi. Na Jumanne nilianguka, jambo ambalo halina ubishi.

Alhamisi, 4 Julai
Mkono wangu wa kulia haunyanyuki. Nimeufunga shingoni kwa kanga ya mke wangu, Generoza. (Naandika haya kwa mkono huohuo, mlango umefungwa.) Generoza ameuliza ni nani atakayepasua kuni. Nimemjibu kwamba swali hilo aiulize mashine namba nne. Amesema mashine haijui alipoweka shoka, lakini mimi najua.

Nimepelekwa hospitali kupigwa eksirei. Mungu wangu! Daktari aliinua picha kwenye mwanga na nikajiona ndani, mifupa yote imepangwa vizuri, vidole kama herufi za mwandiko wa misheni. Nilivua kofia. Huwezi kukaa na kofia mbele ya kitu kama kile. Daktari amesema mifupa yangu ni ya kijana wa miaka thelathini. Nilifurahi, halafu nikakumbuka kwamba sikupaswa kufurahi. Nikaguna. Akaongeza kwamba maumivu hayaonekani katika picha, kwa hiyo uamuzi atamwachia Afisa Kazi.

Kumbe kuna kitu ambacho hata mashine ile haikioni! Nimerudi nyumbani nikitembea kwa heshima.

Ijumaa, 5 Julai
Cornel amenirushia funguo ghafla akisema, “Daka, mzee!” Niliziacha zikaniangukia mguuni. Zimeumiza kweli. Mguu nao una mstari wake katika kitabu, lakini mimi si mtu wa tamaa.

Jioni Limi alikuja nyumbani. Alipiga goti, akaniamkia, akaniita Baba Febronia. Cornel anawaambia watu kwamba kifuniko hakijawahi kutoka mahali pake, na kwamba Makoye aliingiza mkono chini yake kwa mchezo. Akiaminiwa, Makoye hapati kitu. Na Makoye hawezi tena kushika plau, mkono hauna nguvu ya kubana. Shahidi ni mmoja tu. Ni mimi. Limi akasema hana wasiwasi, kwa kuwa wilaya nzima inajua kwamba Mzee Otmar hasemi uongo.

Nilimwahidi. Kanga ilikuwa inanibana shingo.

Jumatatu, 8 Julai
Siku nzito. Shauri limesikilizwa katika ofisi ya kiwanda. Bwana Ngassa mezani, Cornel dirishani, Makoye kwenye benchi na mkono wake mweupe wa bandeji.

Nikaitwa kuapa. Biblia ilikuwa ile kubwa, ya jalada gumu. Bwana Ngassa, kwa huruma, akasema kwamba kwa kuwa mkono wangu wa kulia ni mgonjwa, niishike kwa mkono wa kushoto.

Kwa kushoto! Neno la Mungu! Nilimkemea palepale. Nilimwambia kwamba kwa mkono wa kushoto hatupokei hata kiazi kwa jirani, sembuse Maandiko. Nikaichukua kwa mkono wa kulia, nikainyanyua juu ya kichwa, nikaapa kusema kweli tupu kwa sauti iliyofika kwenye mizani ya pamba.

Kanga ilikuwa imeanguka sakafuni.

Cornel alicheka mpaka akashika dirisha. Akasema, “Bwana Afisa, huyo ndiye shahidi wao! Na daftari la ajali ameliandika huyohuyo!” Bwana Ngassa akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi, kwamba sasa hajui ni neno gani langu alichukue na ni lipi aliache. Makoye hakuniangalia. Aliangalia bandeji yake. Hapo mkono wangu ukaniuma kweli, kuanzia begani.

Ndipo Makoye akaomba twende tukaitazame mashine, tusimtazame mzee. Tukaenda. Namba nne haikuwa na kifuniko. Cornel akasema kimetolewa leo asubuhi ili kipakwe rangi. Kiko wapi? Kwa fundi. Fundi yupi? Akakohoa.

Tulipokatiza uani tulimkuta Mama Apolonia, mpishi wetu, akichoma sato. Bwana Ngassa alisimama. Samaki walikuwa wamelala juu ya bamba la chuma lenye matundu, na pembeni mwa bamba imechorwa namba nne. Mama Apolonia akalisifu sana. Alisema Cornel alimpa tangu Pasaka kwa sababu lilikuwa linachelewesha watu kusafisha mashine, na kwamba samaki hawagandi juu yake hata kidogo. Akamkaribisha Bwana Afisa achague wa kwake.

Bwana Ngassa alichagua bamba. Lilibebwa likiwa la moto, na mafuta yanatiririka, hadi mezani kwake. Sijapata kuona ukweli unaonukia vile!

Jumanne, 9 Julai
Dai la Makoye limekubaliwa. Mashine zote zimefungwa vifuniko. Cornel amehamishiwa kuhesabu magunia. Fomu yangu ya kudai fidia ya mkono imechanwa mbele yangu vipande vinne, na Bwana Ngassa amesema ni kwa ajili ya mvi zangu tu kwamba hanipeleki mbele zaidi.

Makoye amepita stoo. Shikamoo yake ilikuwa ileile, haikupungua hata kidogo. Amesema anajifunza kufunga nira kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe wanamvumilia. Hakunilaumu kwa neno lolote. Nilisimama kumwitikia, mimi niliyempita miaka thelathini. Nimeapa moyoni kwamba sitagusa tena kitabu kile cha fidia.

Jumatano, 10 Julai
Bwana Ngassa amekisahau kitabu mezani. Nimekirudisha mwenyewe, na njiani upepo ulikifungua kwenye ukurasa wa masikio.

Ajabu kubwa! Yana fungu lake! Na eksirei haioni ndani ya sikio. Na ngurumo ya mashine kwa miaka ishirini na sita haina ubishi. Na kiziwi akiapa, anashika Biblia kwa mkono wowote aupendao.

Kuanzia saa kumi leo sisikii. Nimemwarifu Generoza. Amenijibu kwa maneno mengi, lakini siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa sikuyasikia.