Kupima Uzio Bila Kuugusa

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo Sista Kunigunda, mkuu wa shule yetu, amesema wazi mbele ya walimu wote. Ile stoo iliyokuwa ya mbolea ya ushirika atapewa mtu mmoja. Ama mimi niifanye maabara ya fizikia, ama Mwalimu Urban wa Biashara aifanye duka la shule. Urban alisimama akahutubia kuhusu soko huria mpaka chai ikapoa. Mimi nilisema jambo moja tu: wasichana wangu wa Kidato cha Tatu wanaijua amita kwa mchoro wa chaki, na wiki iliyopita Ephrasia aliniuliza kama ni kubwa kuliko sufuria. Hakuna aliyecheka.

Sista akaamua hivi. Shamba la mahindi limezungushiwa uzio wa umeme tulioletewa na wafadhili, kuzuia nguruwe pori. Nitausimamia mimi. Nguruwe wasipoingia mpaka kikao cha bodi, Jumamosi ya wiki ijayo, stoo ni yangu. Wakiingia, ni duka.

Nimefurahi. Kwa nje sikuonyesha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuchunguza uzio kwa macho. Kimashine chake kinakula betri ya gari na kutoa mpigo mmoja wa umeme kila sekunde. Volti elfu kadhaa, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Swali: nitajuaje kila siku kwamba una nguvu? Shule haina kipimo chochote.

Nilimwamkia Mzee Mansuetus, mlinzi wa shamba, nikamuuliza yeye hufanyaje. Akasema huugusa kwa unyasi mbichi na kusikiliza mkono unasemaje. Nilimshukuru. Mtu aliyemaliza chuo kikuu hapimi kwa unyasi. Pia naogopa kuushika, lakini hiyo si hoja ya kisayansi.

Jioni nikapata jibu. Kila mpigo hutupa wimbi hewani, na redio hulinasa. Hakuna haja ya kugusa kitu. Unasimama pembeni, unasikia tak, tak, tak. Tak ikiwa kubwa, uzio una nguvu. Ikiwa ndogo, umechoka. Nashangaa hakuna aliyewaza.

Tatizo: redio nzuri hapa ni moja, na ni ya Urban.

Alhamisi, 7 Machi

Urban alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha akasema zama za kuazimana zimepita na Azimio la Arusha, siku hizi ni kubadilishana. Redio kwangu, madaftari ya Kidato cha Kwanza ya kusahihisha kwangu pia. Nikakubali.

Mada ya insha ilikuwa faida za duka shuleni. Nimesoma faida za duka shuleni tangu saa kumi. Binti mmoja, Albina, alikaribia kunishawishi. Nimempunguzia alama kwa ajili ya mwandiko.

Jumamosi, 9 Machi

Kipimo cha kwanza. Tak ni dhaifu, unaisikia ukiwa karibu na waya tu. Nimeandika: uzio bado mchanga, utakua.

Katikati ya kazi Mzee Mansuetus akapitisha jembe chini ya waya akipalilia, na redio ikakoroma. Kipimo kikaharibika. Nimetoa amri: kuanzia leo hakuna kusogelea waya, hakuna palizi chini yake. Kitu kinachopimwa bila kuguswa kisiguswe na yeyote. Mzee akauliza kama nguruwe nao wameshapewa taarifa. Kisha akaweka jembe begani, akaenda zake kunywa chai. Sikuona dalili ya huzuni.

Sista Bonifasia wa jikoni naye alikuja. Maharage yake ya kutambaa, aliyoyapanda kando ya uzio, pembezoni mwa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha huku milimani, yanahitaji miti ya kupandia. Nikamwambia amri ni amri. Maharage yatajitafutia njia.

Jumanne, 12 Machi

Tak inasikika mpaka jikoni.

Nimechora grafu ubaoni, umbali dhidi ya siku, mstari unapanda kama barabara ya kwenda Songea. Nikawatoa Kidato cha Tatu nje, kila mmoja akashika redio kwa zamu na kurudi nyuma mpaka sauti ipotee. Tuliporudi darasani Ephrasia alinakili grafu kwa rula na kuipigia mstari mwekundu. Ni mara ya kwanza wasichana hawa kupima kitu. Nilijifanya nafuta ubao.

Urban alipita akasema uzio wangu una maneno mengi kuliko mimi. Wivu.

Alhamisi, 14 Machi

Tak imefika kwa masista. Jana wakati wa matangazo ya vifo redio yao ilipiga tak juu ya jina la marehemu, na Sista Bonifasia hajui mpaka sasa kama aliyefariki kijijini Ukata ni mjomba wake au jirani wa mjomba wake. Nilimpa pole. Moyoni nilikuwa naongeza nukta kwenye grafu.

Mzee Mansuetus ameleta habari kwamba mahindi yameangushwa upande wa bondeni. Nikamweleza kwamba haiwezekani, kipimo cha leo ni kikubwa kuliko vyote. Itakuwa upepo. Akasema sawa, ila upepo huo una kwato.

Nimeamua kutokwenda bondeni. Mtafiti asiyeamini kipimo chake atakuwa anaamini nini?

Jumamosi, 16 Machi

Wajumbe wa bodi waliletwa shambani kwa ombi langu. Nilisimama nyuma ya redio, sauti mpaka mwisho. Tak ilikuwa kama mtu anayepasua kuni. Nikaeleza mpigo, wimbi, umbali. Nilikuwa nazungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza darasani. Kisha nikagundua hawaniangalii mimi.

Nguruwe jike alikuwa anatoka kwenye mahindi yetu na watoto wake, mchana kweupe. Alipofika kwenye waya akasimama, akajikuna mgongo nao. Alijikuna muda mrefu. Kisha akapita chini, na watoto wakafuata.

Mwenyekiti wa bodi akauliza kwa upole kama yule ni wa majaribio.

Sista Kunigunda alikwenda, akaushika waya kwa kiganja kizima, akasimama hivyo kama mtu aliyeshika kamba ya kuanikia nguo. Redio ikaendelea: tak, tak, tak. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba bondeni kote maharage yameupanda waya. Umeme unateremka nayo ardhini kabla haujafika popote. Hiyo tak ni cheche zinazovuja, na uzio ungekuwa mzima redio isingesema sana. Akauliza nani alizuia palizi. Mzee Mansuetus akatazama milimani. Ni mtu mstaarabu.

Nikasema Sista amevaa raba.

Stoo ni duka.

Kumbukumbu: nguruwe alikuwa na tope, na tope likikauka hukinga umeme. Mbele ya mjumbe yeyote mwenye haki, kipimo hakijashindwa.

Jumatatu, 18 Machi

Asubuhi Mzee Mansuetus na Kidato cha Tatu wameng'oa maharage yote yaliyougusa waya. Sista Bonifasia alisimama pembeni akiyahesabia siku zilizokuwa zimebaki kabla ya kuvunwa. Huku stoo inawekewa rafu za bidhaa, na Urban ananiuliza mbele za watu kama nina maoni kuhusu mahali pa kuweka sabuni. Ephrasia alikuja na grafu yake, akauliza kama aichane. Nikamwambia aitunze. Kisha nikaondoka.

Alasiri nimeomba redio mara moja tena, kwa madaftari ya madarasa mawili. Nimepima pande zote. Kimya. Hata redio ikiegeshwa karibu kabisa na waya, tak karibu haipo, ni kama mbu aliye chumba cha pili.

Sasa nimeelewa. Uzio ulikuwa na nguvu, wao wameuua kwa kung'oa maharage. Mzee Mansuetus anadai jioni hii nguruwe walifika wakagusa waya, wakarudi bondeni wakipiga kelele. Ni mtu mzima, huenda alisikia kelele nyingine. Kipimo ni kipimo.

Nimemwandikia Sista Kunigunda ujumbe mfupi, na amekubali kuja. Ikithibitika kwamba uzio umekufa mikononi mwao, si mwangu, itabidi anirudishie chumba. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza walimu wote na Kidato cha Tatu watakuwa shambani. Kwa kuwa redio yangu haiaminiki tena, nitatumia njia wanayoielewa wao. Nitaushika waya kwa mikono yote miwili.

Viatu nitavua, asije mtu akasema ni raba. Mvua imeanza kunyesha tangu magharibi, udongo utakuwa umelowa vizuri.