Lenzi ya Kuvuta Mlima

Mvua ndiyo iliyomsukuma Sumaku ndani ya duka la kamera. Hakuwa na nia ya kununua hata kitambaa cha kufutia kioo. Alikuwa anakausha shati. Jina hilo la Sumaku alibandikwa na watu waliowahi kukaa naye karibu wakainuka wepesi kuliko walivyokaa. Yeye alilichukulia kama cheo, na alipokuwa na hali nzuri alijiita Mkurugenzi Sumaku, bila kufafanua anaongoza nini.

Kwenye kaunta alisimama mwanamume wa makamo, mpana, viatu vyake vimeshikwa na vumbi la kijivu ambalo hata mvua ile haikulitoa. Sumaku alimtambua mara moja. Mji mzima ulimwita Bwana Saruji, kwa kuwa hakuna ukuta uliosimamishwa mjini bila saruji ya bohari lake, na bila yeye kula chochote. Daktari alikuwa amemwamuru apande vilima kila wiki apunguze kitambi. Siku moja akiwa juu huko, anahema, aliona mawingu yakilala bondeni, na jambo likamwingia kichwani ambalo daktari hakuliandika: dunia lazima ione alichokiona Bwana Saruji.

"Nataka kamera ya mandhari," alimwambia muuzaji. "Milima, mabonde, mawingu. Vitu vikubwa."

Muuzaji alikuwa dada mpole, na mkweli kupita mahitaji ya biashara. "Kwa kupiga picha nje, mzee, usijitwishe mzigo. Chukua hii nyepesi, na lenzi moja pana ili bonde lote liingie. Halafu stendi ya miguu mitatu isiyoyumba upepo ukivuma, betri ya akiba, na mfuniko wa mvua. Inatosha kabisa."

"Inatosha?" Bwana Saruji alirudia neno hilo kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ya kigeni. "Na bei?"

Akatajiwa. Uso ukamwanguka.

Sumaku, pale kwenye kona, alisahau shati. Maishani alikuwa amewaona wengi wakihuzunika kwa bei kubwa. Huyu alikuwa wa kwanza kumwona akihuzunika kwa bei ndogo. Riziki ya namna hiyo haipiti mara mbili.

"Watu wakubwa ndizo wanazotumia hizi?" aliuliza Bwana Saruji.

"Wanaotembea kwa miguu ndizo wanazotumia."

Akatoka bila kununua, amenuna. Sumaku akamfuata hadi chini ya upenu wa duka la jirani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nimesikia alivyokujibu yule binti. Nimeona aibu kwa niaba yake. Lenzi pana! Kwa mtu kama wewe!"

Bwana Saruji akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kwani lenzi pana ina ubaya gani?"

"Inasukuma mlima mbali, mzee. Mlima unakuwa kama kichuguu. Mtu wa kawaida ndiye anayesukuma mlima." Sumaku akashusha sauti. "Mtu wa hadhi anauvuta."

Mvua ilipokatika walikuwa wameshakunywa chai, na Bwana Saruji alikuwa anatamka neno "kuvuta" kama mtaalamu.

Lenzi ya kuvuta mlima ilipatikana kwa mpiga picha mmoja mstaafu wa viwanja vya mpira. Ilikuwa ndefu kama paja, ya kunasa jasho la golikipa kutoka ng'ambo ya uwanja. Siku moja ilianguka ngazi nzima, na tangu hapo pete yake ya kurekebishia picha ilizunguka kwa ajili ya urembo tu. Mstaafu alishukuru kuondolewa takataka. Sumaku aliipangusa, akailaza kwenye sanduku lenye mahameli mekundu lililowahi kuwa la tarumbeta, akaipeleka kwa mteja wake kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Juu yake akampa kamera kuukuu ya saizi ya tofali na mkoba wa vioo vya rangi vya kuweka mbele ya lenzi, ambavyo matumizi yake aliyaeleza kirefu bila kuyajua.

"Hii si kamera, ni mtutu," alisema mke wa Bwana Saruji alipouona mzigo ule sebuleni. Hakuna aliyemsikiliza, na Sumaku ndiye aliyekuwa wa kwanza kutomsikiliza.

Bwana Saruji akapanda vilima. Akapanda na mzigo ule mpaka daktari akafurahi. Lakini lenzi ya kunasa jasho la golikipa, ukiielekezea mlima, inaona jiwe moja. Na kwa kuwa pete yake ilikuwa urembo, hata jiwe lenyewe halikuonekana vizuri. Picha zilirudi za kijivu, na kijivu kingine juu yake. Moja ilikuwa na kitu cheusi chenye manyoya ambacho mwenyewe aliamini ni msitu. Sumaku aliona sikio la ng'ombe.

Akazitandaza mezani, akanyamaza muda mrefu. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kipaji chake halisi.

"Ni mbaya?" aliuliza Bwana Saruji, na sauti yake ikawa ndogo ghafla.

"Mzee," Sumaku akafuta jicho lililokuwa kavu, "wenzako wanapiga picha ya mlima. Wewe umepiga mawazo ya mlima."

Kilemba hicho cha ukoka kilimkaa Bwana Saruji kana kwamba kilipimwa kichwani mwake. Wiki hiyohiyo maonyesho yakaamuliwa. Sumaku alikodi ukumbi wa mikutano juu ya duka la samani, na kila kitu kikaanza kuwa na ada. Fremu zilikuwa na ada, kadi za mwaliko zilikuwa na ada. Palikuwa na ada ya taa, kwa sababu picha za daraja lile haziangaziwi na balbu za kawaida, na palikuwa na ada ya ukuta, ambayo Bwana Saruji, mtu aliyeishi kwa kuuza kuta, alisita kidogo kuielewa.

"Ukuta si upo tayari?"

"Upo, mzee. Unalipia ukuta ukubali."

Akalipa.

Siku ya maonyesho, alasiri, ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa wateja wa samani waliosikia kwamba juu kuna soda, na mafundi ujenzi ambao hawakuthubutu kumkatalia mwaliko mtu anayewakopesha mifuko. Walipita wakitembea polepole, mikono nyuma, kama waliofika msibani kwa mtu wasiyemjua. Fundi mmoja alisimama mbele ya kijivu kikubwa kuliko vyote, akakisogelea, akapitisha kiganja hewani.

"Plasta hii imepigwa vizuri," alisema kwa dhati.

Karibu na mlango, Bwana Saruji ndani ya suti mpya alimkabidhi Sumaku bahasha nene. Hiyo ilikuwa ada ya mwisho na mama wa ada zote: ya kuyapeleka maonyesho ng'ambo. Sumaku aliipokea kwa heshima, akaisindikiza mfukoni. Begi lake la safari lilikuwa chini ya meza ya soda. Kilichobaki ni kuchukua begi, kusema anakwenda msalani, na kupotea. Na angekwenda kweli, lakini njiani akamwona yule mwanamke.

Alikuwa mrefu, miwani ya jua imepandishwa juu ya nywele, amesimama peke yake mbele ya sikio la ng'ombe. Hakuwa na soda. Alilitazama sikio lile kwa namna ambayo Sumaku, katika wiki zote za kulisifia, hakuwahi kulitazama.

"Wewe ndiye msimamizi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mkurugenzi, mama."

"Nani amepiga hizi?"

"Ni yule mzee pale mlangoni. Kwani vipi?"

"Mimi kazi yangu ni kupamba mahoteli. Natafuta kitu kama hiki mwaka mzima." Akashusha pumzi. "Wenye hoteli wamechoka na milima inayoonekana. Nazitaka zote."

Sumaku akahisi masikio yakipata moto. "Zote?"

Mwanamke akataja bei. Ile bahasha mfukoni, iliyokuwa nene muda mfupi uliopita, ikakonda.

"Lakini sinunui kwa msanii," akaendelea. "Msanii akisikia bei, kichwa kinavimba, kesho anataka mara mbili. Wewe naona ni mtu wa biashara, na una jicho. Zinunue wewe, halafu niuzie mimi. Kesho asubuhi nakuja na gari. Shika hiki, ujue sitanii." Akamwekea kiganjani noti chache, kavu, za kweli, na kikaratasi chenye namba ya simu, akaondoka visigino vikigonga ngazi.

Mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza jambo moja au mawili. Sumaku alikwama kwenye neno "jicho". Wiki kadhaa alikuwa ameshinda akieleza watu uzito wa kijivu na ukimya wa kijivu, na mtu hawezi kuimba wimbo mmoja siku zote bila kuanza kuucheza. Akageuka, akazitazama upya picha zile ukutani. Kumbe! Kumbe muda wote alijua! Alidhani anadanganya, kumbe alikuwa anagundua!

Akamvuta Bwana Saruji pembeni. "Mzee, nimebadili mawazo. Ng'ambo ni mbali, mizigo inapotea. Niuzie mimi hizi picha. Zote."

"Nikuuzie?" Bwana Saruji akashika kifua. "Kijana, hizi ni kama wanangu."

"Nitakurudishia bahasha yako."

"Mtu anauza wanawe kwa bahasha?"

Sumaku akaongeza ada ya taa. Akaongeza ya fremu. Bwana Saruji akatikisa kichwa, midomo ikimcheza. Sumaku akaongeza ada ya ukuta, akaongeza saa ya mkononi, akafungua begi chini ya meza ya soda akatoa akiba aliyokuwa akiiweka tangu msimu uliopita, alipokuwa Mkurugenzi wa mauzo ya viwanja visivyokuwepo.

"Sawa," alisema Bwana Saruji hatimaye, kwa sauti ya kukata tamaa. "Lakini bila wanangu hawa mimi sitapiga picha tena. Na lenzi uichukue. Kwa bei ileile uliyoniuzia."

"Mzee, lenzi haimo..."

"Basi tuache."

Sumaku akainunua lenzi. Bwana Saruji akazipokea pesa akazitia mfukoni bila kuzihesabu, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote aliyewahi kununua hata msumari kwake. Sumaku hakushtuka. Alikuwa anawaza mahoteli.

Asubuhi gari halikuja. Adhuhuri, mwenye ukumbi alipanda kumwambia ahamishe vitu vyake, kuna kikao. Sumaku aliziteremsha picha mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, akaziegemeza kwenye kuta za duka la samani, na lenzi juu yake. Akapiga namba aliyoachiwa na mpamba mahoteli. Ikapokewa na kinyozi. Hapo ndipo miguu yake ilipomwelekeza bohari la saruji kabla kichwa hakijakubali.

Yule mwanamke alikuwa nyuma ya kaunta. Miwani hakuwa nayo. Alikuwa amevua viatu, anatafuna karanga.

"Shemeji!" aliita kuelekea stoo. "Mgeni wako kafika."

Bwana Saruji akatokea, mweupe wa vumbi mpaka kope. Hakuonyesha wasiwasi wowote. "Karibu, Mkurugenzi. Unahitaji mifuko mingapi?"

"Mmeniingiza mjini," alisema Sumaku. Alikuwa amekusudia kupiga kelele. Ilitoka kama malalamiko ya mtoto.

"Kidogo," alikiri Bwana Saruji. "Mke wangu alizitazama zile picha, akaniambia: hizi ni mbaya, na anayekwambia ni nzuri anakuibia. Nikakasirika. Siku mbili sikusema naye. Halafu nikakumbuka, kijana, mimi nimeuza saruji yenye mchanga miaka yote hii. Ule uso unaouweka unaposifia mzigo, mimi ninao nyumbani. Nauvaa kila asubuhi." Akajifuta mikono polepole. "Mdogo wake huyu ni mwigizaji. Tukamwomba."

"Nakwenda kushtaki!"

"Nenda. Uanzie ile ada ya ukuta."

Sumaku akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akarudi. Yule mwanamke akamsogezea karanga.

"Kinachoniuma si pesa," alisema Bwana Saruji, na sasa hakuwa anatania. "Zilikuwa wiki tatu nzuri. Niliamka nikijiona msanii. Unajua ni kitu gani hicho, mtu wa mchanga kuamka hivyo?" Akasita, akainama chini ya kaunta, akatoa picha ndogo isiyo na fremu. Ilikuwa ya bonde, na mawingu, imepinda kidogo upande mmoja. "Nimeazima kamera ya mpwa wangu. Itazame. Lakini leo sema kweli, mara moja tu."

Sumaku aliitazama.

"Mbaya," alisema. "Lakini bonde linaonekana."

"Ahsante," alisema Bwana Saruji, na kwa mara ya kwanza tangu wakutane akatabasamu kwa meno. Hakumrudishia hata senti.

Fremu zilinunuliwa na duka la samani, kwa bei ya kuni, kwa sharti kwamba atoe picha mwenyewe. Sumaku alikaa sakafuni akizichomoa moja moja na kuzitupa, mpaka akafikia moja kubwa ya kijivu ambayo mkono ulikataa kuitupa. Aliigeuza huku na huku. Hakujua kwa nini. Akaikunja, akaenda nayo nyumbani kwa dada yake mkubwa, aliyempa chumba cha uani bure, mtu pekee mjini asiyewahi kumdai wala kudaiwa naye.

Aliitundika juu ya kitanda kwa misumari minne. Dada akaingia na kikombe cha chai, akasimama mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Mandhari." Sumaku akakaa wima. "Tazama ule uzito upande wa juu, dada. Tazama unavyoshuka. Si mlima huo, ni..."

"Umeitundika kichwa chini."

Sumaku akainuka, akang'oa misumari, akaigeuza picha, akaigonga tena ukutani. Akarudi nyuma, akasimama karibu na dada yake. Wakaitazama wote wawili, chai ikipoa.

"Hapana," alisema dada. "Irudishe ilivyokuwa."