Samaki wa Madhuben Wameota Miguu

Jumatatu, 15 Desemba

Kwa heshima na taadhima natangaza: kabati bovu la Madhuben limeondolewa barazani leo asubuhi. Lilikaa pale tangu sijaota kitambi. Kata nzima ya Mchafukoge imeendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi peke yangu nimeliona lile pengo.

Madhuben anauza sare za shule. Mimi Pantaleo nauza viatu vya watoto, vimetandazwa chini Kariakoo, kila wingu likitokea nakimbia navyo. Mzazi atoke na shati jipya, mtoto ajikwae kwenye kiatu changu mlangoni hapo hapo! Shule zinafunguliwa Januari. Nikilikosa pengo hili, mwaka mwingine tena matopeni.

Tatizo ni Hafidhi, muuza mabegi. Nimemkuta anafagia baraza isiyo yake. Nikamwuliza amekuwa mfagiaji lini. Akasema, kaka Panta, usafi ni afya. Mnafiki!

Mpango: zawadi. Nimekwenda soko la samaki la Feri, nikachagua nguru mnono mwenye macho maangavu. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nyumba ile hawali nyama wala samaki. Madhuben amejifunika pua kwa ncha ya sari. Nguru tumemla nyumbani. Mke wangu Hyasinta ameniombea nikosee tena kesho.

Jumanne, 16 Desemba

Nimepata dawa! Madhuben anapenda samaki, ila walio hai. Dukani ana tangi la kioo la kuwatuliza watoto wakipimwa sare, lakini samaki wake walikufa. Analitazama mpaka unamhurumia. Nikaulizia samaki wa mapambo. Mh! Kwa bei ile ungedhani wana digrii.

Mvua za vuli zimeacha madimbwi Jangwani, na madimbwini wamejaa viluwiluwi. Watoto wa chura, ndiyo. Lakini chura akiwa mchanga ana nini? Kichwa, mkia, anaogelea. Samaki mtupu! Nimechagua wale wakubwa, wanene, zawadi isionekane ya kichoyo. Nimemwambia Madhuben ni samaki weusi wa milimani, huko kwetu kusini. Amepiga makofi. Amesema Jumamosi atatangaza nani anapewa baraza.

Wanangu, nawaomba kitu kimoja tu. Msikue hadi Jumamosi.

Jumatano, 17 Desemba

Alpa, binti wa Madhuben, yuko nyumbani likizo. Chuo kikuu anatafiti jinsi viumbe wanavyokua tangu wachanga, na kwa nini wengine hukawia utotoni. Niliposikia hivyo, kiatu kilinidondoka. Nikamwuliza, kwa niaba ya rafiki, kama kiluwiluwi anaweza kucheleweshwa. Akalitazama tangi, kisha akanitazama mimi. Akasema, anko, mwambie rafiki yako maji ya baridi huchelewesha. Tena huko Meksiko yupo kiumbe, ndugu wa mbali wa chura, anayebaki na umbo la kitoto maisha yake yote. Anazaa nalo, anazeeka nalo. Kumbe inawezekana!

Nimemsimulia Hyasinta. Amesema Meksiko mbali kote huko kwa nini, yeye anaye wa kwake hapa na anamfulia mashati.

Mbio hadi Feri kununua barafu. Kusukumana! Nimekanyagwa na mama mmoja mkaanga samaki, na ni yeye aliyenifokea. Nimerudi na ndoo nzima, nikawa natumbukiza vipande kila Madhuben akigeuka.

Alhamisi, 18 Desemba

Barafu ya Feri inanuka samaki. Hilo sikuliwaza.

Paka watatu wa uchochoroni wamehamia mlangoni, wameketi kwa utulivu kama wazee wa kikao. Madhuben amechoma ubani mara mbili. Ameuliza kama samaki wa milimani kawaida yao ni kunuka hivi. Nimemjibu ni wa milima mirefu sana.

Jioni nimeinama kwenye kioo. Mmoja ana vijiti viwili nyuma. Nimejiambia ni uchafu tu. Uchafu ukapiga teke.

Ijumaa, 19 Desemba

Wote wana miguu! Nimejaza majani ya plastiki tangini wajifiche. Hafidhi ameniuliza jasho lote hili la nini. Kisha akasema, hongera kaka Panta, naona wateja wa viatu wanaongezeka. Ana maana gani yule?

Jumamosi, 20 Desemba

Niandike ukweli. Hapa nipo peke yangu.

Duka lilijaa wazazi. Mtoto mmoja anapimwa kaptula, akapiga kelele: "Mama, samaki katembea!" Kweli. Kakaa juu ya jani la plastiki, mkia bado anao, miguu yote minne, anapumua kama mstaafu. Mwenzake akarukia kwenye soksi. Nikafungua mdomo niseme kwetu ndivyo walivyo. Madhuben akashika kaunta kwa kicheko. "Pantaleo bwana! Milima yenu ina maajabu!"

Walijua tangu Jumanne. Alpa alimwambia mama yake siku ileile, na kila jioni alikuwa akiwapima kwa rula. Wale wanene niliowachagua kwa ukarimu wangu ndio waliokuwa ukingoni mwa kuwa vyura. Isitoshe, taa ya tangi ilikuwa ikipasha jioni nilichokipoza mchana. Alpa amesema utoto mrefu si kasoro, anko, ni nafasi ya kujifunza. Kwa upande wangu bado anakusanya ushahidi.

Baraza kapewa Hafidhi. Wala si kwa ajili ya vyura. Watoto wamewapenda, Madhuben kakataa kuwatoa. Amesema alitaka kunipa mimi, kwa sababu sare na viatu vinakwenda pamoja, akawa anangoja nimwombe. Alingoja mpaka leo asubuhi. Hafidhi alimwomba Jumatano, mimi niko Feri nagombea barafu. "Mama, naomba pale." Basi, hivyo tu.

Nimekaa juu ya boksi la viatu. Hata paka wamenionea huruma.

Jumapili, 21 Desemba

Tukitoka misani Hyasinta ameniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu mengi.

Kusema kweli Hafidhi si mtu mbaya. Ameleta salamu kwamba baraza ni pana, nikitaka upande mmoja niende tu nikamwombe.

Nikamwombe! Mtu mzima, na akili zangu hizi!

Nimepeleleza. Mama yake Hafidhi ametamani kasuku miaka nenda rudi. Na juu ya nguzo ya umeme, nyuma ya kanisa, kuna kiota cha kunguru, vifaranga hawana hata unyoya mmoja. Kifaranga asiye na unyoya, nani atajua ni wa ndege gani?

Kesho namwuliza Alpa, kwa niaba ya rafiki, manyoya huchukua muda gani kuota.